Nguchiro Mfinyanzi na Chumvi ya Kiboko

Paukwa!

"Pakawa."

Nani huyo kaitika kama mgonjwa? Narudia, na mara hii tieni pumzi. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, hapo sawa. Watoto sogeeni mbele. Na nyie wakubwa mnaojifanya mmewasindikiza watoto tu, kaeni vizuri, maana hii ya leo ni yenu kuliko yao.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nchi zao na mipaka yao, kulikuwa na nchi tatu zilizopakana. Kulikuwa na Bondeni, kulikuwa na Ziwani, kulikuwa na Nyikani. Kati ya nchi na nchi palikuwa na uzio wa miiba. Miiba mirefu, miiba mikavu, miiba isiyojali jirani wala shemeji.

Huko Bondeni aliishi Nguchiro. Nguchiro mnamjua, yule mrefu, mwembamba, asiyetulia. Mumewe alikwenda kupigana na nyoka, asirudi. Akabaki yeye na mwanawe mmoja wa kike, jina lake Tindi. Na Nguchiro alikuwa mfinyanzi. Nisikilizeni vizuri: hakuwa mfinyanzi wa kubahatisha. Bonde zima lilipikia vyungu vyake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na shimo la udongo mwekundu, na pembeni ya shimo palikuwa na joko lake, la kuchomea vyungu, alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa na mimba ya Tindi.

Alfajiri anaponda udongo, pwa, pwa, pwa. Anaimba, na Tindi anaitikia.

"Pondaponda udongo."
"Mama finya."
"Chungu kipate shingo."
"Mama finya."
"Jirani apike mboga."
"Mama finya."

Akishafinyanga anaanika kivulini, halafu anachoma kwa nyasi na kinyesi kikavu cha nyati, moshi unapanda, na chungu kinatoka na baka jeusi ubavuni. Hilo baka ndilo lililotafutwa. Bondeni chungu kisicho na baka la moshi hakichukuliwi na mtu, wanasema hakijaiva, kitakunywa mchuzi wote kabla hujaula.

Sasa Bondeni kulikuwa na kila kitu. Maji yapo, nyasi zipo, udongo upo. Kilichokosekana ni chumvi. Chumvi ilikuwa Ziwani, imelala ufukweni nyeupe, hakuna anayeihesabu. Na Tindi alikuwa anaumwa kwa kukosa chumvi. Miguu ililegea. Akisimama anatetemeka, akitembea anaanguka, akianguka anacheka ili mama yake asilie. Mtoto wa aina hiyo anaumiza moyo kuliko anayelia.

Nguchiro anabeba vyungu kichwani, anakwenda Ziwani kubadilisha na chumvi. Anafika langoni. Mlinzi wa Bondeni anamwambia, "Mama, acha kimoja hapa." Anaacha. Anavuka. Mlinzi wa Ziwani anamwambia, "Na huku acha kimoja." Anaacha. Miiba inakwaruza, kwaru, kwaru, kingine kinadondoka, paa, vipande. Anabadilisha vilivyobaki, anapata chumvi, anarudi. Mlinzi wa Ziwani anachota. Mlinzi wa Bondeni anachota. Nguchiro anafika nyumbani na chumvi ya kufunikwa na ukucha. Tindi anailamba mkononi mwa mama yake, halafu anaulamba mkono wenyewe, mpaka mama anaurudisha kwa aibu kwa sababu hauna kitu tena.

Ndiyo maana iliposikika kwamba wakubwa wa nchi tatu watakutana, wapatane, uzio ung'olewe, hakuna aliyefurahi kumshinda Nguchiro. Alipita nyumba kwa nyumba. Akapita kwa Kanga, akapita kwa Digidigi.

"Jamani, mkutanoni tuseme ndiyo," akasema. "Uzio huu unatuua."

Kanga akasema, "Mimi naogopa wakubwa wa kule watatukanyaga."

"Wewe unaogopa kukanyagwa," Nguchiro akasema. "Mimi mwanangu anakufa nikimtazama."

Kanga akainama kudonoa chini. Ungemjibu nini?

Siku ya mkutano ikafika. Wakakusanyika uwanjani kwa Ngiri, mkubwa wa Bondeni. Ngiri alijipaka tope jipya, kajinyoosha, mkia umesimama wima. Akaja Pofu wa Nyikani, yule mla nyasi mwenye pembe ndefu, mpole, msemaji haba. Halafu ardhi ikatikisika, ndi, ndi, ndi, akaja Kiboko wa Ziwani na vijana wake. Vijana walibeba jiwe la chumvi. Jiwe zima, watoto, kubwa kama jiwe la kusagia. Wakalitua katikati ya uwanja. Bonde lote likameza mate.

Hapa sasa nataka masikio, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Bondeni walikuwa na adabu yao. Mgeni akiweka chumvi katikati, wenyeji wanalamba, na chumvi ya mgeni ikiwa mdomoni hakuna ruhusa ya kuuliza swali. Kuuliza ni kumwambia mgeni, sikuamini. Mtoto akiuliza anachapwa. Mkubwa akiuliza, jirani hampi tena hata kaa la moto. Ndivyo walivyolelewa, ndivyo walivyolea. Nchi nyingine hawana adabu hiyo, lakini wanaijua. Kiboko si mjinga. Alijua.

Wakalamba. Lap, lap, lap. Ngiri analamba, Kanga anadonoa, Digidigi kafumba macho. Nguchiro alimbeba Tindi mgongoni, akamteremsha, Tindi akaliegemea lile jiwe kwa kifua, akalamba mpaka masikio yakasimama. Mama yake alipoona hivyo machozi yakamtoka, akalamba huku analia.

Kiboko akakohoa. Akaanza kusema mapatano.

"Ndugu zangu wa Bondeni," akasema, "kuanzia leo uzio hakuna. Mtu na apite, arudi, apite tena."

Lap, lap.

"Kila kitokacho ardhini kitapita bure. Nyasi za Pofu zitapita. Chumvi yangu itapita. Na vya kwenu vya ardhini vitapita."

Lap, lap, lap.

"Na kila kilichotengenezwa kwa mkono kitapita pia, ila kwanza kitakaguliwa na Kenge, kwa ajili ya afya zetu sote."

Nguchiro akanyanyua kichwa. Swali likamjia hapa kooni. Kenge? Kenge ni wa Ziwani, ni kijana wa nyumbani kwa Kiboko. Anajua nini kuhusu chungu? Atakipima kwa kitu gani? Akafungua mdomo. Ladha ya chumvi ikamjaa. Akamtazama Tindi, uso wote mweupe kwa chumvi. Akamtazama Ngiri, Ngiri akamkazia jicho. Nguchiro akafunga mdomo. Swali akalimeza pamoja na mate.

"Kuna mwenye neno?" Kiboko akauliza.

Lap, lap.

"Hakuna. Basi tumepatana," Kiboko akasema, akaondoka. Jiwe lilikuwa halijalambwa hata nusu.

Uzio ukang'olewa siku ile ile. Vijana wa nchi zote tatu wakaufunga kamba wakauvuta, kwaruu, kwaruu, puu. Wakacheza ngoma juu yake.

Na mimi sitawaongopea. Mambo yalikuwa mazuri. Chumvi iliingia Bondeni kama mvua. Tindi akalamba asubuhi, akalamba jioni. Miguu ikakaza. Siku moja Nguchiro yuko shimoni anachimba, anasikia nyuma yake mbio, tip tip tip tip, anageuka, ni mwanawe. Anakimbia. Hajawahi kumwona akikimbia. Nguchiro alikaa chini kwenye udongo ule ule, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Kanga naye alimwona dada yake wa Nyikani, ambaye alimsikia kwa sauti tu miaka yote, huyu upande huu wa miiba na yule upande ule. Kiangazi kikali kilipokuja, nyasi za Pofu zikaingia na Digidigi hakuzika mtu. Atakayewaambia kwamba kung'oa uzio hakukuwa na faida, mwambieni anywe maji akalale.

Ila sasa.

Vijana wa Kiboko wakaja na matenga. "Shikamoo mama," wakasema, "tumekuja kuchukua udongo." Udongo unatoka ardhini, unapita bure. Nguchiro akasema chukueni, upo mwingi. Wakachukua. Kesho wakaja tena. Kesho kutwa wakaja wengi zaidi. Huko Ziwani Kiboko alikusanya viboko wenzake, wakaingia kwenye udongo wa Bondeni na miguu yao ile, pwa pwa pwa pwa, mguu mmoja unaponda kazi ya Nguchiro ya wiki nzima. Wakafinyanga vyungu. Vyepesi, vyeupe, vyote sawasawa. Vikaja Bondeni vingi mpaka vikawa vinapangwa njiani.

Kanga akanunua. Digidigi akanunua. Nguchiro alipowauliza, Kanga akatazama pembeni.

"Nguchiro mwenzangu, chako ni kizuri," akasema. "Lakini kwa mayai ninayolipia kimoja chako napata viwili vya kule."

"Vinapasuka."

"Vinapasuka, ndiyo. Nanunua vingine."

Nguchiro hakumgombeza. Akasema moyoni, kama vyao vinakuja kwangu, vyangu navyo viende kwao. Si ndiyo mapatano? Akafinyanga vyungu vizuri kuliko vyote alivyowahi kufinyanga. Tindi alikanda, sasa ana nguvu, na wimbo wakauimba.

"Pondaponda udongo."
"Mama finya."
"Chungu kivuke mpaka."
"Mama finya."

Akabeba, akaenda. Pale palipokuwa na uzio alimkuta Kenge kalala juu ya jiwe, tumbo juani. Mizigo ya Kiboko inapita, Kenge hafungui hata jicho. Nguchiro alipofika, Kenge akaamka.

"Tua, mama. Tukague."

Akatoa ulimi, lep. Akakilamba chungu. Lep, lep.

"Kina doa," akasema.

"Hilo si doa, baba. Ni baka la moshi. Ndiyo dalili kimeiva."

"Chungu safi hakina doa. Rudi nacho."

Nguchiro akarudi. Akakesha akifikiri namna ya kuchoma bila moshi. Akachoma kwa makaa matupu, kazi ngumu, vingine vikapasuka ndani ya joko, akaokoa vichache visivyo na baka. Vilikuwa vimepauka, havikumpendeza, lakini alivibeba.

Lep, lep. "Vinene mno," Kenge akasema.

Akarudi. Akafinyanga vyembamba. Akaenda.

Lep, lep, lep. Kenge akavigeuzageuza, akitafuta kasoro. Kisha akasema, "Vina harufu ya nguchiro."

"Mimi ndiye niliyevifinyanga. Vitanukia nani?"

"Usinifokee, mama. Mimi nalinda afya."

Nguchiro akavitazama vile vyungu miguuni pake. Havikuwa na baka, havikuwa na unene, havikuwa vyake wala vya mtu yeyote. Akaviacha palepale. Kenge akavisukuma kwa mkia, vikaporomoka kando ya njia.

Akaenda moja kwa moja kwa Ngiri. Alimkuta kwenye kivuli cha banda jipya, pembeni yake jiwe la chumvi, zawadi kutoka kwa rafiki yake wa Ziwani.

"Mzee Ngiri," akasema, "Kenge ananikatalia vyungu. Vya kwao vinapita hata havitazamwi. Udongo wangu wanachukua bure."

"Mapatano ndivyo yalivyo."

"Mapatano yalisema vyetu pia vitapita."

"Vikikaguliwa." Ngiri akalamba jiwe lake. "Nguchiro, siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Si ndiwe uliyepita nyumba kwa nyumba tuseme ndiyo?"

"Ndimi."

"Mgeni aliuliza kama kuna mwenye neno. Ulisema nini?"

Nguchiro akalitazama lile jiwe la chumvi.

"Mwanao anatembea?" Ngiri akauliza.

"Anatembea."

"Basi nenda nyumbani ukashukuru."

Akaenda nyumbani. Na njiani, watoto, alijichukia. Hakumchukia Kiboko, hakumchukia Kenge, alijichukia mwenyewe. Kila akitaka kuulaani ule mpaka uliofunguliwa anamwona Tindi anakimbia, laana inamwishia mdomoni. Kuna uchungu wa kunyang'anywa, huo unaweza kuupigia kelele. Huu wa kwake haukuwa na pa kuupigia kelele.

Joko likapoa. Nguchiro hakuwa na wa kumuuzia, kwa hiyo hakuwa na cha kuchoma, kwa hiyo hakuwa na cha kula. Walikula mizizi, wakaikoleza vizuri sana kwa chumvi. Mwishowe Tindi akasema, "Mama, Ziwani wanatafuta wa kukanda udongo. Mikono yangu inajua. Na miguu sasa ninayo."

Mama yake akamfungia mizizi kwenye jani. Hakulia mbele yake. Tindi akaenda, tip tip tip, akapita pale kwa Kenge bila kulambwa.

Siku zikaenda. Shimo la udongo likachimbwa upande huu, likachimbwa upande ule, likawa bwawa la mvua. Udongo mzuri ukaisha. Ukabaki sehemu moja tu, chini ya joko. Maana Nguchiro alijua udongo, na joko alilijenga pale palipo imara kuliko pote.

Asubuhi moja akasikia hodi.

"Karibu," akasema, akatoka. Alikuwa Tindi. Amekua, manyoya yanang'aa, mabega yamejaa. Nyuma yake wamesimama vijana wa Kiboko na matenga. Mkononi Tindi ana jembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kula?"

"Sikuja kula, mama." Akalitazama joko, akainamisha kichwa. "Udongo umebaki pale chini. Wamenituma mimi. Walisema akija mwingine utamng'ata."

"Hawakukosea."

Wale wa nyuma wakaanza kukanyagakanyaga chini.

"Na mimi nikikataa?" Nguchiro akauliza.

"Nitarudishwa nyumbani. Wapo wengi wanaoitaka nafasi yangu."

"Kwani kurudi nyumbani kwa mama yako ni adhabu?"

Tindi akatupa jicho ndani ya nyumba. Jikoni majivu ya zamani, na chungu cheupe cha Ziwani kimepasuka mdomo. Nguchiro akafuata pale mwanawe alipotazama, akaona alichokiona. Swali lile akaliacha.

"Huko unakula?" akasema.

"Nakula, mama."

"Chumvi unapata?"

"Ipo tele."

Nguchiro akatikisa kichwa polepole. Kisha akanyoosha mkono, akamnyang'anya mwanawe jembe. Vijana wa Kiboko wakaruka nyuma, wakidhani anawajia wao. Hakumgusa mtu. Akaenda mpaka kwenye joko. Akalishika kwa kiganja, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Akainua jembe.

Puu.

"Mama," Tindi akasema, "acha, ni kazi yangu, nipe nilivunje mimi."

"Wewe kaa hapo."

Puu. Puu. Ukuta ukalala.

"Nimesema kaa hapo," Nguchiro akasema, pumzi zimembana. "Sitaki uje uzeeke ukikumbuka kwamba joko la mama yako ulilivunja wewe. Mapatano niliyakubali mimi, joko nalivunja mimi."

Akalivunja lote. Akachimba na udongo wa chini yake, akawajazia matenga mwenyewe, mpaka la mwisho. Tindi akabeba lake kichwani, akavuka nalo kwenda Ziwani, na miguu yake haikutetemeka hata kidogo.

Nguchiro akaingia ndani, akabandika mizizi.

Basi. Funzo lake ni hili, na nalisema wazi asije mtu akasema hakusikia. Majirani kufunguliana mipaka ni jambo jema, na mtoto wa Nguchiro alipona kwa hilo. Lakini mkubwa na mdogo wakipatana, mdogo aulize maswali yake yote siku ile ile ya mapatano, hata kama mdomoni ana kitu kitamu, hata kama wenzake watasema hana adabu. Asipouliza siku hiyo, siku atakayouliza ataambiwa alikuwepo. Na mkubwa anayeitumia adabu ya mwenzake kumziba mdomo ni mwizi, hata akiiba mchana huku watu wakimpigia makofi.

Hadithi yangu nimeitua hapo, sina nyingine ya kuipunguzia ukali. Watoto, nendeni mkacheze. Wakubwa, mbona mmekaa kimya?